Gesi ya Dandora inaweza tupa stima ama ni story tu?

mkaaji_phase4:
Wasee habari zenu. Nakaa karibu na dampo ya Dandora hapa Nairobi na jioni upepo ukigeuka inabidi tufunge madirisha, moshi unashika hadi nguo za watoto kwa kamba. Sasa kuna jamaa hapa ploti anasema hiyo takataka iko na gesi ya kuendesha jenereta, eti kaunti ikitaka ni kutoboa tu na kuweka paipu, tupate stima ya bure. Ni kweli? Na mbona tangu dampo ifunguliwe 1975 hakuna mtu ameifanya?

fundi_mtaro:
Gesi iko, hapo hajadanganya. Maganda, sukuma, mabaki ya hoteli, vyote vikifunikwa vikose hewa vinaoza na kutoa gesi, karibu nusu methani na iliyobaki kaboni dayoksaidi. Unachimba visima ndani ya takataka, unashusha paipu za plastiki zenye matundu, halafu feni inavuta polepole hadi kwa injini. Lakini Dandora iko wazi, lori zinamwaga juu kila siku na moto unawaka chini kwa chini. Ukivuta gesi hapo unavuta na hewa, hewa inachochea moto, umeongeza shida. Kwanza ishindiliwe na ifunikwe udongo, maji machafu yazuiwe yasiingie Nairobi River. Stima inakuja mwisho kabisa.

kesi_na_kesi:
Na hiyo dampo ilitangazwa imejaa 2001!! Korti ikasema 2021 ifungwe ndani ya miezi sita, na lori bado zinapanga foleni. Na ile plan ya kuihamishia Ruai ilikwama, walihofia ndege wanaofuata takataka watagonga eropleni za airport ya JKIA. Wacheni kuota stima.

mama_vyuma:
Nyinyi mnafunika tu kwa simu. Sisi tunaookota chupa na vyuma pale tukifunikiwa tuende wapi? Hakuna mtu ametuuliza.

fundi_mtaro:
Mama, hiyo ni haki yako. Takataka zikitenganishwa kabla hazijafukiwa mnapata kazi safi kuliko hii ya kugombania lori na moshi, lakini lazima iandikwe kwa mpango, isiwe ahadi ya kampeni.
@kesi si ndoto, Durban walifanya pale Mariannhill na Bisasar Road, huku injini ya megawati 1 na kule 6.5. Ila hizo ni lendifili, yaani dampo za kufukia takataka, zilizokuwa zinafunikwa vizuri. Na watu wasichanganye na Addis Ababa, ile plant ya stima iliyofunguliwa 2018 ni ya kuchoma takataka zenyewe, ni mashine ingine kabisa, na takataka zetu zimejaa maji ya vyakula so zinawaka vibaya. Kwanza hata gesi yenyewe husafishwa, kuna kemikali kutoka kwa shampuu na losheni, ikiungua inaacha unga mgumu kama kioo ndani ya injini na inaila. Hiyo filta nani analipa? Stima ya bure sahau.

mkaaji_phase4:
Haya, stima nimesahau. Na wakifunika tu, bila injini, moshi utaisha?

fundi_mtaro:
Utapungua sana, kwa sababu huo moshi wa kwa nyumba yako ni takataka inayowaka wazi. Gesi yenyewe wanaweza kuichoma kwa mnara, bado ni faida, methani inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 ukilinganisha na kaboni dayoksaidi. Muulize MCA wenu, yule mwakilishi wa wadi, bajeti ya udongo iko wapi.