Naomba ushauri: chembe za silika hazijipangi, zinakimbilia ukingoni

Mwenge_wa_Maabara:
Habari zenu wakuu. Nipo mwaka wa pili wa uzamili, kemia. Natafuta kutengeneza opali, kile kito chenye rangi nyingi: chembe za silika (kitu kilekile cha mchanga na kioo) zijipange zenyewe kama machungwa ya mama sokoni, hadi ziwake rangi bila kutiwa rangi. Nimezipika kwa njia ya Stöber, yaani kwa kuchanganya kemikali yenye silikoni na maji, ethanoli (alkoholi) na amonia; kipenyo ni nanomita 250 hivi. Nadondosha tone kwenye slaidi, naliacha likauke. Kila mara napata pete nyeupe ukingoni, katikati patupu. Nimerudia mara kumi na moja. Nakosea wapi?

Bi_Hadubini:
Pole mdogo wangu. Pete hiyo ni ileile ya tone la kahawa mezani. Ukingo wa tone umeng'ang'ania kioo na ndiko kunakokauka upesi, basi maji ya katikati yanakwenda kuziba pengo na kuzibeba chembe zako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza hili mwaka 1997. Achana na tone. Simamisha slaidi ndani ya bika yenye ethanoli na chembe, iinamishe kidogo, funika nusu, usiiguse siku tatu. Ethanoli ikishuka taratibu, chembe zinajipanga pale pale kwenye mstari wa unyevu.

Mzee_wa_Koloidi:
Sawa kabisa, ila hiyo "hivi" yako inanitia shaka. Vipenyo vikipishana zaidi ya asilimia 5 au zaidi kidogo, mpangilio unavurugika. Huwezi kupanga machungwa na ndimu fungu moja. Pima chembe 100 kwenye picha za hadubini elektroni. Na umeziosha mara ngapi? Silika ina chaji hasi, ndiyo maana chembe zinasukumana na kupeana nafasi. Mabaki ya amonia yanafifisha msukumano huo, zinagandana ovyo.

Mwenge_wa_Maabara:
Mara moja tu, mzee wangu.

Mzee_wa_Koloidi:
Haitoshi. Sentrifuji (ile mashine ya kuzungusha hadi chembe zitue chini), mwaga, ethanoli mpya, tikisa. Walau mara nne.

Mwenge_wa_Maabara (siku nane baadaye):
Wakuu, nimeitoa slaidi asubuhi hii! Juu pana michirizi, lakini chini, upana wa kidole, ni kijani kitupu. Nikiiinamisha inakuwa bluu. Nimemwita hadi mlinzi aje aone. Vipenyo ni kati ya 243 na 256. Ila pana nyufa nyingi mno. Bi, zinaondokaje?

Bi_Hadubini:
Hongera sana! Chembe zinasinyaa zikikauka, ndipo tabaka linapasuka. Punguza chembe kwenye bika, tabaka liwe jembamba.