Naomba ushauri: nyukleosidi au vizuizi vya protiasi?

Wakuu, habari zenu. Namalizia shahada ya uzamili ya kemia, nataka kutengeneza dawa za kupambana na virusi. Moyo wangu uko kwenye nyukleosidi, yaani molekuli zinazoiga vijenzi vya DNA na RNA ili virusi vishindwe kujinakili. Mfano ni tenofovir, dawa ya VVU: ilianzia maabara ya Antonín Holý kule Prague, lakini molekuli yenyewe ina chaji hasi, haifyonzwi vizuri utumboni. Ikabidi sehemu yake ya fosfoneti (kikundi chenye fosforasi kinachobeba chaji hiyo) ifunikwe ndipo ikawa kidonge, kikaidhinishwa Marekani mwaka 2001. Kazi ya namna hiyo ndiyo naitamani sana!

Msimamizi wangu ananisukuma kwenye vizuizi vya protiasi (dawa zinazozuia kimeng'enya ambacho virusi hutumia kukata protini zao), anasema ndiko ajira zilipo. Mliopo kwenye fani, nianze uzamivu upande upi? Na nijifunze kupima virusi mwenyewe, au nikomae na usanisi (kutengeneza molekuli) tu?