Skalopi za friza zinapikwaje zisikakamae?

binti_chumbageni
Habari za jioni wapendwa, shemeji katoka Dar kaniletea paketi ya skalopi za friza, yale makombe meupe manene ganda limeshatolewa imebaki nyama tupu, sasa mimi hapa Tanga nimezoea ngisi, pweza na kamba wa soko la samaki la Deep Sea, hizi sijawahi kuzipika. Nimeangalia video mtandaoni wote wanatia siagi na divai nyeupe, na divai jikoni kwangu haiingii. Naweza kuzipika na tui kama ngisi? Wageni wanakuja Jumamosi na paketi ni moja tu, ikiharibika ndo basi tena.

Mama Wawili Ngamiani
Shoga usithubutu kuzichemsha kwenye tui toka mwanzo. Ngisi akikaza unamuacha motoni mpaka analainika tena, skalopi haina hiyo, ukizidi kuipika inazidi kukaza mpaka unatafuna kandambili. Ijumaa usiku zitoe friza ziweke chini kwenye friji ziyeyuke taratibu, maji ya moto usiziguse nayo, na zikishayeyuka usizirudishe friza. Kesho yake mwaga maji yake, kila moja utaona pembeni ina kinyama kidogo kigumu kimejishikiza, kivute na vidole kinatoka. Halafu zikaushe. Narudia ZIKAUSHE, tishu chini tishu juu, zikibaki na maji hazikaangiki zinajichemsha zenyewe.

babu_wa_bamvua
Mwanangu soma nyuma ya paketi. Ukikuta fosfeti au E451 ujue zimelowekwa zishike maji, uzito unaongezeka na wewe unalipia maji, hizo hata uzikaushe vipi bado zitatoa maji kwenye kikaango kwa hiyo kaanga chache chache. Na zile namba kama 20/30 maana yake ratili moja, yaani gramu 454 hivi, zinaingia 20 mpaka 30, ndogo hizo, dakika moja au moja na nusu kila upande zinatosha. Ukiona U10 ni kubwa, hazifiki kumi kwa ratili, zipe dakika mbili kila upande. Zikinuka kama amonia tupa usihurumie.

Raskazone_kijana
Dada siagi moto ukiwa mkali inaungua, tumia samli. Kikaango kizito cha chuma kipate moto kisawasawa kwanza, samli kijiko kimoja, chumvi nyunyiza palepale unapozitia maana ukiiweka mapema inavuta maji. Zipange zisigusane, halafu mikono mfukoni!! watu wengi wanaharibu hapa, anazigeuzageuza kama anakaanga njugu, wewe ziache zishike rangi ya kahawia chini ndo ugeuze mara moja tu. Divai ya nini bwana, kamulia ndimu mwisho.

binti_chumbageni
Asanteni sana. Babu nimesoma, ni 20/30 na fosfeti imo 😩 Ila jamani hawa wageni ni watu wa wali na kitu cha nazi, nikiwapa skalopi kavu na ndimu watanuna.

Mama Wawili Ngamiani
Basi mchuzi upike peke yake. Kitunguu, saumu, tangawizi, nyanya kidogo tu, binzari kwa mbali maana nyama yenyewe ina utamu wake ukijaza viungo unaufunika, pilipili mbuzi itie nzima usiipasue. Tui zito liingie mwisho, koroga usiache lisikatike, likishaanza kuwa zito, zima moto. Wali upakuliwe, wageni wakae kabisa, ndo uanze kukaanga. Zikitoka kikaangoni unazilaza juu ya mchuzi unapeleka mezani, zisirudi motoni hata kidogo.

Raskazone_kijana
Hapo umemaliza. Kama unaogopa nunua ngisi mdogo ufanyie mazoezi, mkate vipande vyembamba, moto mkali, dakika moja mbili mtoe. Mkono ukizoea ndo uingie kwenye skalopi.

babu_wa_bamvua
Waulize na wageni kama kuna anayedhurika na kombe au kamba, kuna mtu akila anavimba mdomo au kifua kinabana, hilo si la kujaribu. Mimi kwa upande wangu mtu wa Tanga kula kombe la friza naona tabu, kina mama wanaokota kombe bamvua likikupwa, mbichi kabisa, nyie mnasoma paketi.

binti_chumbageni
Babu za bure hizi, kalipa shemeji 😂 Ngisi nanunua kesho asubuhi.