Run si "kukimbia" tu! Mnaotafsiri maelekezo ya dawa mtatuulia watu

Wakuu, nimekasirika na leo simung'unyi maneno.

Shangazi yangu ana kisukari. Mwezi uliopita alirudi kliniki na karatasi ya maelekezo, imeandikwa Kiswahili, na katikati kuna mstari huu: "Usikimbie nje ya dawa zako." Mama wa watu akausoma mara mbili tatu, akaelewa kwamba anayemeza dawa hizo hatakiwi kukimbia huko nje. Akaacha matembezi yake ya alfajiri, ambayo daktari mwenyewe ndiye aliyemwambia ayafanye. Vidonge vilipomwishia akakaa siku nne bila dawa, anasubiri tarehe ya kliniki. Nilipoishika ile karatasi ndipo nikagundua walitaka kusema "Usiishiwe dawa." Maneno mawili!

Natafsiri kwa kuajiriwa mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo naona wazi kilichofanyika. Kiingereza kilikuwa na run out, yaani kuishiwa; mtu au mashine ikaona run, ikaandika "kimbia", karatasi ikaenda kuchapwa. Chini yake wameandika tena kidonda kioshwe kwa "maji yanayokimbia". Ni maji ya bomba hayo, au maji ya kumiminika! Na mtoto mwenye "pua inayokimbia" anatokwa na kamasi, basi.

Hilo neno si la kuchezea. Peter Gilliver wa kamusi kubwa ya Oxford alilifanyia kazi kama miezi 9, akafikisha maana 645, tena kitenzi peke yake. Mtaalamu, mzawa wa lugha hiyo, miezi 9 kwa neno moja. Sisi tunaletewa kurasa 40 zilizokwisha kupitishwa kwenye mashine, tunaambiwa "pitieni tu, zinatakiwa jioni."

Na msiniambie Kiswahili ni kichanga. Penye run ya Kiingereza sisi tuna maneno yetu. Mto unatiririka. Injini inaunguruma. Rangi ya kanga inachuja, na hakuna mwanamke wa Pwani atakayekwambia rangi imekimbia. Mtu anagombea ubunge. Daladala inafanya safari zake, mkataba unaendelea hadi mwaka ujao, duka linaendeshwa. Hiyo endesha nayo itazameni vizuri: ukisema mtoto anaendesha, mama yeyote anajua tumbo limechafuka, anaharisha, atafutiwe maji ya chumvi na sukari upesi. Hapa Afrika Mashariki tukizungumza Kiingereza hali hiyo hiyo tunaiita running stomach. Lakini mwandikie mama huyo "tumbo la mtoto linakimbia" uone kama atajua la kufanya, na mtoto anayeharisha hana muda wa kusubiri mtu afumbue fumbo.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ya hili ni rahisi. Kabla ya kuchapa, mpe mtu mzima asiyejua Kiingereza asome kwa sauti, kisha akueleze alichoelewa. Dakika kumi. Shangazi angewaambia pale pale kwamba mstari ule haueleweki, bila kulipwa hata senti.

Amepimwa juzi, sukari imepanda.

Karatasi ninayo, nimeisahihisha yote kwa kalamu nyekundu na Jumatatu naipeleka pale kliniki kwa mkono wangu. Mwenye karatasi nyingine za namna hii aweke picha hapa, nizipeleke zote kwa pamoja.