Kuwapeleka watoto kwenye besiboli ya ligi ndogo kiangazi hiki: tuanzie wapi?

Mama wa Watatu, Columbus (Ohio)

Habari zenu, ndugu zangu. Shule zimefungwa hapa Ohio, na watoto wangu watatu, wenye umri wa miaka 4, 7 na 11, wanashinda ndani na simu mkononi, jambo ambalo mimi na baba yao tumeamua lisiendelee kiangazi chote. Mwenzangu wa kazini amenishauri tuwapeleke kutazama besiboli, si ile ya Ligi Kuu ya besiboli bali ya ligi ndogo, yaani timu za vijana wa kulipwa wanaopigania kupanda Ligi Kuu, akasema kwamba tiketi zake hazimfilisi mtu na kwamba familia nyingi huenda hata kama hazifuatilii mchezo wenyewe. Hapa mjini tunao Columbus Clippers. Uwanja wao, Huntington Park, ninaupita kila siku niendapo kazini, lakini sijawahi kuingia hata mara moja.

Yapo mambo yanayonitia wasiwasi. Mchezo huu siuelewi kabisa. Kila ninapouona kwenye televisheni, naona watu wamesimama uwanjani wakisubiri, na sidhani kwamba mtoto wa miaka minne atavumilia saa tatu za kusubiri. Vilevile mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Tanzania, atakuwa nasi mpaka mwisho wa Julai, na magoti yake hayapendi ngazi. Tena sisi ni Waislamu, kwa hiyo ningependa kujua habari za chakula kabla sijajikuta mbele ya dirisha na watoto wanaolia njaa. Nimeona kwenye ratiba kwamba kuna usiku wa fataki, nikadhani huo ndio wa kuanzia. Aliyekwisha kwenda na watoto wadogo anisaidie.

Baba wa Viwanjani, Dayton (Ohio)

Karibu sana, dada. Mimi niko jirani yako, na huu ni mwaka wa nane tangu nianze kuwapeleka wanangu, kwa hiyo utaniwia radhi nikirefusha maneno.

Nianze na muda, kwa sababu hilo ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Zamani ungekuwa na haki ya kuogopa: mwaka 2021 mechi ya kawaida ya ligi ndogo ilichukua zaidi ya saa 3. Mwaka 2022 ligi hizi zote zikaanza kutumia kwa ukali saa ya kumhesabia mrushaji, yaani hupewa sekunde chache tu kabla hajalazimika kurusha mpira, na mechi zikafupika kwa karibu nusu saa, mwaka mmoja kabla Ligi Kuu haijafuata mtindo huo huo. Siku hizi mimi hupanga saa mbili na nusu, na zaidi kidogo ikiwa timu zote mbili zinapiga vizuri. Tena hakuna sheria inayomlazimisha mtu kubaki mpaka awamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho. Mara ya kwanza nilipomleta kifungua mimba wangu tuliondoka awamu ya tano, naye mpaka leo anaikumbuka siku ile kama sikukuu.

Halafu fahamu kwamba uwanja wa ligi ndogo umeandaliwa kwa kumfikiria mtoto. Kila timu inapomaliza zamu, ile nafasi ya dakika mbili hivi hujazwa na jambo fulani: watoto wawili kutoka jukwaani wanashindanishwa mbio, fulana zinarushwa kwa watazamaji, mtu aliyevaa vazi la mnyama wa timu anacheza ngoma juu ya paa la kibanda cha wachezaji. Mwanao wa miaka minne hatatazama mrushaji, atatazama hayo, nawe usimkemee.

Kuhusu mahali pa kukaa, nisikilize kwa makini. Mpira ukipigwa vibaya huruka pembeni kuelekea kwa watazamaji, na huja kwa kasi ambayo mtu mzima anayetazama simu hawezi kuiwahi. Katika uwanja mmoja ambao sitautaja, mpira ulipita kati yangu na binti yangu nikiwa nimeinama kufunga kamba za kiatu chake, ukagonga kiti cha nyuma na kukipasua. Tangu siku hiyo, nikiwa na watoto, hukaa nyuma ya wavu wa kinga au sivyo hukaa mbali kabisa, kwenye nyasi za mteremko nyuma ya uwanja wa nje, yaani ile sehemu iliyo mbali na mpigaji, ambako mpira ukifika huwa umechelewa na kila mtu ameuona ukija. Kwenye nyasi mnatandika shuka, watoto wanabingirika, na tiketi zake kwa kawaida ndizo za bei ya chini. Kwa mama mkwe, hata hivyo, nyasi hazifai, kwa sababu kuinuka kutoka chini ni kazi ngumu kuliko ngazi. Pigia simu dirisha la tiketi, uwaambie kwamba una mzee mwenye matatizo ya magoti, nao watakupa viti vilivyo usawa wa njia kuu ambavyo havihitaji kupanda wala kushuka. Kununua dirishani pia kunakuepusha mara nyingi na ada inayoongezwa mtandaoni, ambayo kwa watu sita si ndogo.

Jua la Ohio la Julai usilidharau kwa sababu umetoka Afrika. Chagua kivuli, na uulize jua linachwea upande gani, maana viti vya upande mmoja hupigwa na jua la machoni mpaka karibu saa 3 usiku.

Chakula: soseji nyingi za viwanjani ni za ng'ombe, lakini ng'ombe si sawa na halali, na jiko moja hukaanga vyote. Sisi hula nyumbani kabla ya kutoka, kisha kule tunanunua bisi, viazi vya kukaanga baada ya kuuliza mafuta yake, na barafu tamu. Soma ukurasa wa kanuni za uwanja kabla ya kwenda, kwa kuwa kila timu ina sheria zake kuhusu maji, chakula cha mtoto na aina ya mkoba. Viwanja vingi vinataka mkoba unaoonyesha vilivyomo, na vingi havipokei pesa taslimu. Clippers wana usiku maarufu ambao kwa miaka mingi soseji zimeuzwa kwa senti 10 kila moja. Usiku huo ni wa furaha kubwa, ila foleni zake ni ndefu na kwenu hauna faida, kwa hiyo uepukeni.

Siku? Jumapili mchana. Katika viwanja vingi, mechi ya Jumapili ikiisha, watoto huruhusiwa kushuka uwanjani na kukimbia besi zote nne, yaani vituo ambavyo wachezaji huvizunguka, kwenye udongo ule ule waliokuwa wakikimbilia wachezaji. Mwanao wa miaka saba hatakusamehe ukiikosa. Jumatatu usisumbuke, kwani timu nyingi hucheza Jumanne mpaka Jumapili na wapinzani wale wale, kisha hupumzika. Siku nyingine karibuni Dayton pia, ingawa kwetu mwahi mapema, maana Dayton Dragons wamekuwa wakiuza tiketi zao zote, mechi baada ya mechi, tangu mwaka 2000.

Mkongomani wa Maine, Portland (Maine)

Baba wa Viwanjani amesema karibu yote, nami naongeza jambo moja ambalo naona limepitwa, nalo ni fataki.

Dada, usianze na usiku wa fataki. Sababu ya kwanza ni ya kawaida: kiangazi giza huingia karibu saa 3 usiku, fataki haziwezi kuwashwa kabla ya mechi kwisha, na mtoto wa miaka minne atakuwa amelala begani kwako au amelia mpaka amechoka. Sababu ya pili ni nzito zaidi, na nawaandikia hasa wale waliofika hapa kwa njia tuliyopita sisi. Mume wangu alikulia Kivu Kusini katika miaka ya vita. Tulipokwenda mara ya kwanza hakuna aliyetuambia kwamba kuna fataki, na mshindo wa kwanza ulipolia alimnyakua mtoto wetu, akalala juu yake kati ya viti. Watu waliokuwa karibu walikuwa wema, hakuna aliyecheka, lakini tulirudi nyumbani kimya na ikapita miaka miwili kabla hajakubali kurudi. Siku hizi tunasoma ratiba yote, tunaweka alama kwenye siku za fataki, na siku hizo hatuendi. Kama katika nyumba yako, au ya mgeni unayekwenda naye, kuna mtu aliyeona vita, muulize kwanza.

Nisiwatishe, kwa sababu sasa tunapapenda mno. Timu yetu ni Portland Sea Dogs, ambao wako chini ya Boston Red Sox wa Ligi Kuu, na katika uwanja wa Hadlock Field kuna ukuta mrefu wa kijani upande wa kushoto, wenye kimo cha futi 37, uliojengwa kwa mfano wa ule maarufu wa Boston. Mchezaji wa nyumbani akiupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, mnara mdogo wa taa za bahari huchomoza kutoka nyuma ya ukuta wa katikati. Wanangu wanaweza kukaa awamu tano nzima wakiusubiri mnara huo. Siku nyingine hauchomozi kabisa, nao huondoka wakisema kwamba kesho utachomoza. Huo ni uvumilivu ambao sikujua kama wanao.

Mvua nayo izingatieni. Ikinyesha, mechi husimama, na hakuna anayejua kama itaendelea baada ya dakika ishirini au saa mbili. Timu nyingi hukubali tiketi ya mechi iliyofutwa itumike siku nyingine, kwa hiyo msiifute kwenye simu kwa hasira.

Mwalimu Mstaafu, Saint Paul (Minnesota)

Nawasalimu nyote. Mama wa Watatu, umesema huuelewi mchezo. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya ulicheza raunda, na kama ulisoma Tanzania ulicheza rede. Anayejua kukwepa mpira huku akikimbia kutoka mstari hadi mstari amekwisha kuelewa nusu ya besiboli. Mwambie mwanao wa miaka 11 mambo matatu tu: mpigaji akikosa mara tatu ametoka, mrushaji akirusha ovyo mara nne mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, watu watatu wakitoka, timu zinabadilishana. Anayerudi alipoanzia baada ya kuzunguka besi zote amepata pointi. Mengine atakuuliza mwenyewe, na bibi yake ataketi hapo akiyapata yote bila kuonekana kwamba anafundishwa.

Mpe pia karatasi na kalamu aandike kila mpigaji alifanya nini. Mtoto anayeandika hachoki, na mimi, niliyefundisha hesabu miaka mingi, sijaona njia nyepesi ya kumfundisha asilimia kuliko kumuuliza mchezaji aliyegonga vizuri mara 3 kati ya 10 ana kiwango gani.

Jambo ambalo ningependa watoto wetu walisikie ni habari za wachezaji wenyewe. Kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ina timu nne chini yake, jumla yake timu 120, na Clippers wako ngazi ya Triple-A, hatua moja tu kabla ya kileleni, chini ya Cleveland Guardians. Vijana mtakaowaona wanapigania nafasi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alitia saini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapanda ngazi hizi moja baada ya nyingine mpaka Indianapolis, ambao hucheza ligi moja na Clippers wenu, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza Ligi Kuu. Zamu yake ya kwanza ya kushika gongo aliupiga mpira akafika salama besi ya kwanza. Miaka tisa, wanangu! Baadaye Pirates hao hao walimtia saini mrushaji kutoka Uganda, David Matoma. Mwanao akijua hayo atamtazama kila anayechezea ligi ndogo kwa jicho jingine, na akimwomba sahihi kabla ya mechi, karibu na kibanda cha wachezaji, mara nyingi atapewa pamoja na neno la kumtia moyo.

Neno dogo kwa Waislamu watakaokuja kwetu: St. Paul Saints wana desturi ya kumtumia nguruwe hai kumpelekea mwamuzi mipira. Baadhi ya jirani zangu hawajali, wengine hawakupenda kushtukizwa, hivyo ni vyema mjue mapema.

Mama wa Watatu, Columbus (Ohio)

Shikamoo Mwalimu, na asanteni nyote. Mkongomani, maneno yako yamenigusa sana, kwa sababu shemeji yangu anayekaa nasi ametokea Bujumbura na sikuwa nimewaza kabisa kumuuliza. Nilimuuliza jana usiku. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atafurahi kuja, ila mchana.

Basi tumechagua Jumapili. Nimepiga simu dirishani kama Baba wa Viwanjani alivyonielekeza, na tumepata viti saba nyuma ya wavu, safu ambayo mama atafika bila kupanda ngazi hata moja, na yule dada wa tiketi amethibitisha kwamba watoto watakimbia besi baada ya mechi. Limebaki swali moja kutoka kwa mwanangu wa miaka 7: je, akikimbia besi anaruhusiwa kuteleza kwa tumbo kama wachezaji?

Baba wa Viwanjani, Dayton (Ohio)

Wasimamizi watamwambia asiteleze, naye atateleza. Mvalishe suruali ya zamani.