Filamu za vita: mbona wanajeshi wazee?

Mdau wa Sakina, Arusha: Wakuu, kwenye The Longest Day ya 1962, filamu ya uvamizi wa Normandy, Ufaransa, John Wayne anaonekana mzee kabisa, na ni kamanda wa batalioni ya askari wa miavuli. Ilikuwa hivyo kweli?

Fundi Kamera, Moshi: Wapi! Luteni Kanali Vandervoort, ambaye Wayne anamwigiza, alikuwa na miaka 27 Normandy mwaka 1944. Wayne alipomwigiza alikuwa na 54. Ila humohumo Henry Fonda, 56, anamwigiza Jenerali Theodore Roosevelt Jr., aliyekuwa na 56 vilevile siku ya uvamizi. Angalia cheo kwanza, ndipo uhesabu mvi.

Mdau wa Sakina: Shukrani mkuu. Kwenye filamu fupi, mwigizaji wa miaka 50 apewe nafasi gani?

Dada wa Majengo, Moshi: Afisa mteule au kanali, si kuruta. Kofia ya chuma na vumbi huficha mvi. Shingo na mikono humsaliti kamera ikisogea. Kukimbia ndiko kubaya zaidi, pumzi hukata mapema. Yeye mpige picha akiwa kwenye handaki, mbio apewe kijana wa umbo lake, kamera ikiwa nyuma yake. Na msimpake nywele rangi nyeusi tii, juani zinang'aa kama kiwi ya viatu.