Mjadala: Je, viungo vya kikemikali vitazifanya paneli za perovskaiti zidumu visiwani kwetu?

Mwalimu wa Kemia, Tunguu
Wanafunzi wangu wameniuliza kama Zanzibar isubiri paneli za sola za perovskaiti, aina mpya ya fuwele zinazogeuza nuru kuwa umeme, badala ya kuendelea kununua za silikoni, nami naona tusubiri. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake, kule Japani, walipata seli iliyogeuza asilimia 3.8 tu ya nuru kuwa umeme, na leo seli za aina hiyo zimepita asilimia 25 maabara. Viungo, yaani kemikali za kuongeza, vimechangia sana: kloridi ya methilamonia, kwa mfano, hutiwa katika mchanganyiko ili fuwele zikue kubwa na zishikamane, kisha sehemu yake kubwa huruka kwa moto. Udhaifu uliobaki, wa kuharibiwa na unyevu na joto, utatibiwa kwa njia hiyo hiyo. Tusiwe kama mafundi wetu, wanaofunga chochote kinachoshushwa bandarini bila ya kuuliza kimetengenezwa kwa kitu gani.

Fundi Sola, Wete
Mwalimu, hilo la mafundi limeniuma. Mwezi uliopita nilishusha paneli iliyokaa miaka mitatu kwenye paa la nyumba ya pwani. Kisanduku cha nyaya nyuma yake kilijaa chumvi nyeupe kama unga wa muhogo, na skrubu mbili zilinikatikia mkononi kwa kutu. Nilimuuliza muuzaji imetengenezwa kwa kitu gani, hakunijibu. Hiyo ilikuwa silikoni, ambayo unyevu haiuogopi kama perovskaiti inavyouogopa.

Mwanafunzi wa Fizikia, Mbweni
Fundi wangu, unyevu si hoja tena. Kule Marekani walitia kafeini, hii hii ya kahawa, na seli ikafika asilimia 25 na kuvumilia joto kali.

Mwalimu wa Kemia, Tunguu
Kijana, tuwe waangalifu na tarakimu. Utafiti huo ni wa mwaka 2019, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na ufanisi ulipanda kutoka asilimia 17 hadi karibu 20. Molekuli ya kafeini ina ncha za oksijeni zinazoishika risasi, ile metali yenye sumu, iliyomo ndani ya perovskaiti, kwa hiyo fuwele hujijenga taratibu, kwa mpangilio, na hazivunjiki upesi kwa joto. Seli zilikaa katika nyuzi 85 kwa saa 1,300 na kubakiwa na zaidi ya asilimia 85 ya nguvu zake. Fundi, kuhusu mafundi nilisema kwa ujumla mno, uniwie radhi.

Fundi Sola, Wete
Radhi nimeipokea, Mwalimu, lakini saa 1,300 ni siku 54. Isitoshe, nimesoma kwamba seli hizo zilipashwa moto ndani ya naitrojeni, yaani hewa isiyo na unyevu wala chumvi. Mteja wangu aliyeuza karafuu za msimu mzima ili anunue paneli anataka miaka 25, na nyumba yake haimo ndani ya naitrojeni.

Mwalimu wa Kemia, Tunguu
Naitrojeni hutumika ili joto lipimwe peke yake; unyevu una vipimo vyake, nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000.

Mama wa Kisima, Makunduchi
Mmeitaja risasi mkapita, kama kwamba ni pilipili manga. Huku kwetu ardhi ni jiwe la matumbawe, na maji ya mvua yanazama moja kwa moja hadi kisimani. Paneli ikivunjwa na nazi iliyoanguka, hiyo risasi itakwenda wapi?

Mwanafunzi wa Fizikia, Mbweni
Mama, tabaka lenyewe ni jembamba sana, na mita moja ya mraba haifiki hata gramu moja ya risasi. Betri moja ya gari ina kilo kadhaa, na mnazitupa vichakani kila siku.

Mama wa Kisima, Makunduchi
Mwanangu, betri hapa hazitupwi, zina mnunuzi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na baiskeli hadi mlangoni. Kipande cha kioo kilichovunjika nani atakipitia? Na kama Mwalimu atakubali, risasi iliyoshikana na iodini huyeyuka katika maji kwa wepesi kuliko ile ya betri.

Mwalimu wa Kemia, Tunguu
Nakubali, ni kweli. Kuna watafiti wanaopaka tabaka linalonasa risasi paneli inapopasuka, nalo ni kemikali ya kuongeza vile vile.

Fundi Sola, Wete
Viungo vinaitengeneza fuwele kwa ndani, Mwalimu, na maji yanaingilia pembeni, pale gundi inapoachia. Ukipata kipande, hata cha ukubwa wa kiganja, niletee. Nitakifunga juu ya bati langu, upande unaopigwa na kusi, tangu mwanzo wa masika, na kila Ijumaa baada ya sala nitakipima volti mbele ya yeyote atakayekuja.